Matt Talbot: Mtoto Aliyeanza Kulewa Akiwa na Miaka 12



Leo nawaletea maisha ya mtu ambaye hakuwa padre, hakuishi konventini, hakufia dini, wala hakuwahi kusimama mbele ya watu akahubiri. Alikuwa kibarua tu. Tena kwa miaka 16 alikuwa mlevi, na si kwamba ulevi ulimpata ukubwani. Alianza akiwa na umri wa mtoto wa darasa la sita. Anaitwa Matt Talbot, wa mji wa Dublin, nchini Ireland.

Kwa nini yeye? Kwa sababu tukizungumza habari za vijana na pombe, mara nyingi tunaishia kugombeza. Acha, ni dhambi, utaharibu maisha yako. Yote hayo ni kweli, lakini kijana anayekunywa ameshayasikia mpaka yamemchosha. Kuna swali ambalo huwa hatumwulizi: hivi ndani yako kuna nini ambacho hutaki kukisikia? Maana vijana wengi hawanywi kwa sababu pombe ni tamu (bia ya kwanza kila mtu anaikunjia uso). Wanakunywa kwa sababu kuna kitu moyoni kimewazidi. Na hapo ndipo maisha ya Matt yanapotufundisha jambo. Twende pamoja.

Nyumbani kwao

Matt alizaliwa tarehe 2 Mei 1856, mtoto wa pili kati ya watoto 12 wa Charles na Elizabeth Talbot. Ireland ilikuwa imetoka tu kwenye njaa kuu, ile iliyoanza 1845 viazi vilipooza mashambani. Watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine wengi wakapanda meli kwenda kutafuta maisha ng'ambo. Waliobaki na hawana kitu walijazana mijini. Dublin ilikuwa na majumba ya zamani ya matajiri yaliyogawanywa vyumba vyumba, familia nzima ikiishi kwenye chumba kimoja. Familia ya Talbot ilihamahama sana, kodi ikishindikana hapa wanakwenda kule.

Baba yake alifanya kazi bandarini. Alikuwa mchapakazi lakini alikunywa sana, na alikuwa mkali. Mama yake alikuwa mtu wa sala, mama wa kuhesabu senti na kuwagawia watoto mkate. Wengi wa watoto wa kiume wa nyumba ile walifuata njia ya baba. Kwa hiyo Matt hakwenda kuitafuta pombe mbali. Aliikuta nyumbani, na baa ilikuwa kila kona ya mtaa.

Shule alisoma kidogo sana, kwa Mabruda, na hata huko alikuwa mtoro. Mwaka 1868, akiwa na miaka 12, akaacha kabisa na kuanza kazi ili aongeze chochote nyumbani. Wakati ule halikuwa jambo la ajabu. Watoto wa maskini wote walifanya hivyo.

Chupa ya kwanza

Kazi yenyewe ilikuwa kwa wafanyabiashara wa mvinyo waliokuwa pia wakijaza bia kwenye chupa. Hebu fikiria: mtoto wa miaka 12, siku nzima kati ya chupa. Wakubwa wanakunywa, na yeye anataka kuonekana mkubwa. Akaanza kuonja. Kuonja kukawa kunywa, na kabla mwaka haujaisha sana akawa anarudi nyumbani amelewa.

Baba akamchapa. Halafu akafanya jambo ambalo kila mzazi angedhani ni la busara: akamtoa pale akampeleka bandarini kwenye kazi yake mwenyewe, ili awe machoni pake. Kumbe stoo za bandari zilikuwa na wiski. Kijana aliyekuwa anakunywa bia sasa akajifunza kinywaji kikali. Baba akachapa tena, na kipigo hakikusaidia kitu. Mwishowe Matt akaondoka bandarini akawa kibarua wa waashi, yaani saidia fundi, kubeba matofali na udongo kupanda ngazi kutwa nzima. Alikuwa na nguvu na alifanya kazi vizuri, wasimamizi walimpenda. Kila jioni, kazi ikiisha, njia ilikuwa moja tu.

Jumamosi ilikuwa siku ya mshahara. Mshahara ule ulipita mkononi mwake kama maji. Alilipa madeni ya wiki kwa mwenye baa, akawanunulia wenzake, akanywa kilichobaki. Mama alipata kidogo, au hakupata kitu. Pesa zikiisha alikopa. Mkopo ukikataliwa aliweka rehani nguo zake, hata viatu, akarudi nyumbani peku. Jumapili aliendelea kwenda Misa, lakini Sakramenti alikuwa ameziacha.

Kuna tukio moja ambalo halikumtoka moyoni maisha yake yote. Palikuwa na mpiga fidla wa mtaani, mtu maskini aliyeishi kwa kile fidla yake ilichomletea. Siku moja Matt na wenzake waliiiba ile fidla, wakaiuza, wakanywa pesa. Mtu alinyang'anywa riziki yake yote kwa ajili ya jioni moja ya kulewa.

Mimi nikifika hapa huwa nasimama kidogo. Huyu hakuwa kijana mbaya. Wote waliomfahamu walisema alikuwa mkarimu, mwenye moyo, mtu wa kugawa. Lakini pombe inapomkamata mtu akiwa mtoto, hata ukarimu wake inautumia. Raundi zote zile alizowanunulia watu zilitoka kwenye moyo huohuo mzuri.

Pombe inamfanya nini mtu wa miaka 15?

Tutoke Dublin kidogo, maana jambo hili linawahusu vijana wa mahali popote.

Kwanza, pombe ni kitu kinachopunguza kasi ya ubongo. Ndiyo maana glasi mbili za kwanza mtu anajisikia nafuu: wasiwasi unashuka, aibu inapungua, ugomvi wa nyumbani unasahaulika. Shida ni kwamba nafuu ile ni ya mkopo. Pombe ikitoka mwilini, usingizi umevurugika, wasiwasi unarudi, na mara nyingi unarudi na aibu ya yale uliyofanya usiku. Sasa una huzuni ya jana na ya leo. Unatafuta nini? Ileile iliyokutuliza jana. Kwa hiyo inakwenda pande zote mbili: huzuni inampeleka kijana kwenye pombe, na pombe inamwongezea huzuni.

Pili, ubongo wa binadamu unaendelea kukua mpaka miaka ya ishirini na kitu, na sehemu inayokomaa mwisho ni ile ya mbele, inayopima mambo na kuzuia hasira na tamaa. Kijana anayekunywa anaimwagia pombe sehemu ambayo bado inajengwa. Watafiti wa afya wamekuta kwamba wanaoanza kunywa kabla ya miaka 15 wako kwenye hatari kubwa zaidi ya kuwa watumwa wa pombe baadaye kuliko wanaoanza wakiwa watu wazima.

Na tatu, hili ndilo ninalotaka ulishike. Ujana ni wakati wa kujifunza kubeba mambo ya moyo. Unakataliwa na mtu uliyempenda, unafeli mtihani, unafiwa, baba na mama wanagombana usiku, na kidogo kidogo unajifunza kulia, kusali, kumwambia mtu, kusubiri, mpaka kunakucha. Hakuna aliyezaliwa anajua. Kijana ambaye kila akiumia anakunywa, hilo somo halisomi. Anafika miaka 28 ana ndevu na misuli, lakini ndani, upande wa kubeba huzuni, bado ana miaka 12.

Ndivyo alivyokuwa Matt.

Jumamosi moja ya mwaka 1884

Wiki ile Matt hakuwa amefanya kazi, kwa hiyo Jumamosi ilipofika hakuwa na senti. Hakuwa na wasiwasi sana. Alijua saa wenzake watakapopita kwenda baa na mishahara yao. Ni wao hao aliowanunulia mara zisizohesabika. Akaenda akasimama nje ya baa akingoja wamkaribishe.

Wakapita wa kwanza, wakamsalimia, wakaingia. Wakapita wengine. Hakuna aliyemwambia ingia. Hakuna aliyeuliza ana nini. Mlango ulifunguka na kufungwa, na yeye yuko nje.

Ile ilimchoma sana. Na angalia ajabu ya Mungu: kwa sababu hakuwa na pesa, hakuwa na cha kunywa cha kuyafukuzia yale maumivu. Ilibidi ayasikie, akiwa na akili zake timamu. Aliona kwamba urafiki wote ule ulikuwa wa glasi. Akageuka akarudi nyumbani.

Mama alishangaa kumwona mapema vile, tena hajalewa. Baada ya chakula, Matt akamwambia kwamba anakwenda kuweka ahadi ya kuacha pombe. Mama alikuwa ameshaumizwa na ahadi nyingi. Hakumrukia kwa shangwe. Alimshauri kwamba kama hana nia ya kuitimiza, bora asiiweke. Alipomwona amekusudia, akamwombea Mungu ampe nguvu.

Akaenda seminari ya Msalaba Mtakatifu, Clonliffe. Huko akaweka ahadi mbele ya padre na kuungama, na kesho yake akapokea Komunyo. Ahadi yenyewe hakuiweka ya maisha. Aliiweka ya miezi mitatu tu, maana aliogopa. Alikuwa na miaka 28, na tangu akiwa na miaka 12 hakuwa amewahi kuishi bila pombe.

Miezi mitatu ya moto

Vijana, mtu asiwadanganye kwamba ukiungama leo, kesho unaamka mwepesi kama malaika. Neema ni kweli, na mapambano nayo ni kweli. Matt aliteseka. Mwili uliidai pombe, na moyo, uliokuwa umelazwa usingizi miaka 16, ukaamka wote kwa mara moja: aibu, hasira, upweke, huzuni ya yale aliyoyafanya. Alimwambia mama yake kwamba miezi mitatu ikiisha atarudi kunywa, hawezi.

Tatizo kubwa lilikuwa jioni. Mchana alikuwa na kazi. Lakini saa zile ambazo wenzake wote wako baa, aende wapi? Akaanza kutembea. Akitoka kazini alipita njia za mbali na baa zake za zamani, na kanisa lolote alilolikuta wazi aliingia na kukaa mbele ya Ekaristi Takatifu mpaka usiku. Mwanzoni haikuwa sala ya juu sana. Ilikuwa mahali pa kujificha. Na Bwana wetu hakukataa kuwa mahali pa kujificha.

Siku moja alishindwa, akaingia baa, pesa iko mfukoni. Ilikuwa imejaa, na mhudumu alikuwa na watu wengi. Matt akasimama akangoja, hakuhudumiwa. Akajisikia vibaya, akatoka, akaenda kanisani akabaki huko. Toka siku hiyo akaamua kutotembea na pesa mfukoni, asije akajitega mwenyewe. Ona akili hiyo. Hakujidai kwamba ana nguvu. Alijijua alivyo dhaifu akaondoa chambo.

Kukata tamaa nako kulimjia. Kuna asubuhi mawazo yalimzidi: kwamba anajisumbua, ataanguka tu, mtu kama yeye hastahili kukaribia meza ya Bwana. Akatoka kanisani bila kupokea. Akajaribu kanisa lingine, yakamjia yaleyale. Mwishowe alfajiri ile akajilaza kifudifudi kwenye ngazi za kanisa la Mtakatifu Fransisko Ksaveri, mikono imenyooka kama msalaba, akimwomba Mungu asimwache arudi alikotoka, na Mama Maria amwombee. Milango ilipofunguliwa akaingia, na safari hii akapokea Komunyo kwa amani.

Miezi mitatu ikaisha na hajanywa. Akaongeza ahadi ya miezi sita, akaitimiza. Ndipo akaiweka ya maisha.

Kujaza nafasi iliyo wazi

Ukiondoa pombe tu na usiweke kitu, ile nafasi haikai tupu. Bwana Yesu alishatuonya juu ya nyumba iliyofagiwa ikabaki haina mtu. Matt aliijaza.

Alikuwa hajui kusoma vizuri, akajifunza. Pole pole, neno moja moja, mpaka akaweza kusoma Biblia, maisha ya watakatifu na hata vitabu vigumu vya kiroho. Asipoelewa aliuliza mapadre. Alipata kiongozi wa roho, Padre Michael Hickey, mwalimu wa falsafa pale Clonliffe: msomi mkubwa na kibarua asiye na elimu, wakawa marafiki. Mwaka 1890 akajiunga na Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko, ule wa walei. Hivyo akapata ndugu wapya badala ya wale wa baa.

Akalipa madeni. Alizunguka kwa wenye baa na kwa watu wote aliokuwa amekopa, akarudisha. Na yule mpiga fidla? Alimtafuta miaka mingi, mitaani, kwenye makazi ya maskini. Hakumpata. Pesa aliyotaka kumlipa akaitoa Misa ziadhimishwe kwa ajili ya roho yake. Lipo kosa ambalo huwezi kulirekebisha kwa mkono wako. Hilo unamwachia Mungu, lakini hulisahau.

Hasira yake ya haraka hakuiondoa siku moja. Alipokuwa anajitahidi kuacha matusi, alichomeka pini mbili kwenye mkono wa koti zikae kama msalaba, ili kila akiinua mkono azione akumbuke. Akimkwaza mtu kazini, alirudi kumwomba radhi. Huyu ni mtu mzima anayejifunza mambo ambayo angejifunza akiwa kijana. Alianza upya pale alipoachia.

Tangu miaka ya 1890 alifanya kazi kwenye yadi ya mbao, karibu na bandari. Aliamka usiku wa manane kusali, akalala kwenye ubao badala ya godoro, akahudhuria Misa ya alfajiri kabla ya kazi kila siku. Alikula kidogo sana, na kilichobaki kwenye mshahara aliwapa majirani wenye shida na wamisionari waliokuwa wanakwenda China. Hapa niseme wazi: mafungo yake makali aliyafanya chini ya uongozi wa padre. Usijaribu kuyaiga kichwa kichwa. Iga kwanza ile ya kuwa na kiongozi wa roho.

Wala hakuwa mtu wa kujitenga na wenzake. Mwaka 1913 wafanyakazi wa Dublin walipofungiwa kazi na matajiri kwa sababu ya chama chao, Matt alikuwa mwanachama na alisimama nao. Mwanzoni hakutaka kupokea posho ya mgomo kwa kuwa aliona hajaifanyia kazi. Baadaye aliipokea, akawagawia wenzake waliokuwa na familia.

Baba yake alikufa 1899, na mama akahamia kwake. Wakaishi pamoja mpaka mama alipofariki 1915. Fikiria: yule mama aliyemsubiri miaka 16 mtoto anayerudi peku usiku, alimaliza uzee wake akitunzwa na mtoto huyohuyo, akiamka usiku akimkuta amepiga magoti.

Kwenye uchochoro wa Granby

Mwaka 1923 moyo wake ulianza kusumbua, akalazwa hospitali mara kadhaa. Tarehe 7 Juni 1925 ilikuwa Dominika ya Utatu Mtakatifu. Alikuwa anatoka Misa moja anawahi nyingine kanisa la Wadominikani. Akapita uchochoro unaoitwa Granby Lane, akaanguka, akafa papo hapo. Alikuwa na miaka 69. Hakuna aliyemtambua. Alikuwa mzee maskini tu aliyeanguka njiani.

Mwili ulipopelekwa hospitali, wakakuta amejifunga minyororo chini ya nguo. Ilikuwa ishara ya kujitoa kwa Mama Maria, kwamba yeye ni mtumwa wake kwa ajili ya Kristo. Mtu aliyekuwa mtumwa wa chupa alikuwa amejichagulia bwana mwingine, na hata waliofanya naye kazi hawakujua. Habari zikaenea, watu wakaanza kumwomba awaombee, hasa wale wenye walevi nyumbani. Tarehe 3 Oktoba 1975 Papa Paulo VI alimtangaza Mwenye Heshima, hatua iliyo kabla ya kutangazwa Mwenyeheri. Masalia yake yako leo kwenye kanisa la Mama Yetu wa Lurdi, Dublin, katika mitaa ileile ya maskini alikokulia.

Hesabu kidogo: miaka 16 ya kulewa, miaka 41 bila tone. Na hiyo 41 aliiishi siku moja moja.

Kwako wewe unayesoma

Kama hunywi, mshukuru Mungu, na usimdharau anayekunywa. Mfano wa wale waliompita Matt mlangoni ukukae akilini. Ukiona rafiki yako amebadilika, amejitenga, masomo yameshuka, hasira haziishi, ananuka pombe asubuhi, usimpite. Mwulize ana nini, halafu nyamaza umsikilize.

Kama unakunywa kwa siri, hapa huhukumiwi. Jaribu jambo moja tu wiki hii. Siku hamu ikija, kabla hujainua chupa, jiulize: leo nimeumizwa na nini? Ulitaje kwa jina. Ni baba? Ni yule msichana, yule kaka? Ni upweke wa hosteli? Ni jambo ulilofanyiwa ukiwa mdogo ambalo hujawahi kumwambia mtu? Likishapata jina, mtafute mtu mmoja mzima unayemwamini umwambie: mama, shangazi, mlezi wa vijana parokiani, padre, mwalimu wa unasihi. Nenda kaungame pia. Halafu, kama Matt, weka ahadi fupi unayoiweza. Miezi mitatu ikiwa mirefu, anza na leo.

Na kuna mambo mawili ya afya, tafadhali usiyapuuze. Mtu anayekunywa sana kila siku asiache ghafla peke yake. Mwili unaweza kutetemeka hata kupata degedege, kwa hiyo aende hospitali asimamiwe. Na kama huzuni imefika mahali unawaza kujiua, usisubiri Jumapili. Mwambie mtu leo hii na uende kituo cha afya. Kwenda kwa daktari si kukosa imani. Mungu huyohuyo anayetupa Sakramenti ndiye aliyewapa madaktari maarifa yao.

Kwa wazazi wanaosoma hapa: baba yake Matt alitumia mkanda, mama yake alitumia subira na ukweli. Jioni ile ya Jumamosi, Matt alirudi nyumbani kwa sababu palikuwa na mtu wa kumrudia. Hakikisha mlango wako mtoto anaweza kuugonga.

Tusali

Ee Bwana Yesu, wewe unajua kile ambacho kila kijana anakificha. Wako waliosimama nje ya mlango leo, wamepitwa na marafiki, hawana cha kutulizia maumivu yao. Usiwapite. Wape mahali pa kurudi na mtu wa kuwasikiliza. Uliyemwinua mtumishi wako Matt kutoka kwenye ulevi wa utotoni, tuinue nasi. Na kama ni mapenzi yako, umtukuze katika Kanisa lako, ili wengi wapate tumaini. Mama Maria, kimbilio la wakosefu, utuombee. Amina.

Mwenye Heshima Matt Talbot ukawe mfano kwetu. Mbaki salama, na Mungu awabariki.